Hakuna Mtu Ng'ambo ya Mfereji

Tarehe 4 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Kuna jambo nimelifanya ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si baba, hata dada ambaye nalala naye kitanda kimoja. Nakuandikia wewe kwa sababu uko mbali, na kwa sababu kazi hii uliniombea wewe. Kwenye simu nisingeweza. Unajua mwenyewe, kwenye simu mimi huwa napumua tu hadi mtu anakata.

Nilitumwa Ng'ambo ya mfereji kuwauliza watu, na sikuwauliza. Nimeandika uongo kwenye karatasi za ofisi, karatasi arobaini na moja.

Mwaka huu halmashauri imetenga fungu la fedha ambalo wakazi wa mtaa wataamua wenyewe lifanye nini. Mapendekezo ni matatu: taa za barabara kuu, paa la soko, na daraja la miguu juu ya mfereji. Kabla ya kura, kila nyumba inajaziwa fomu: wanaishi wangapi, wanataka nini kifanywe kwanza. Fomu hiyo ndiyo inayomwingiza mtu kwenye orodha ya kupiga kura. Na upande ambao haukujaza hata nusu ya fomu zake hauingii kwenye kura, na pendekezo lake linaondolewa. Katibu alinipa Ng'ambo kwa sababu, alisema, "wewe ndiye mwenye miguu mipya hapa ofisini."

Nilivuka mfereji kwa zile mbao mbili nimekumbatia faili. Nyumba ya kwanza ni ya fundi cherehani. Nilisema hodi. Ndani cherehani ilikuwa inanguruma. Nikasema tena. Shangazi, hodi yangu hata mimi sikuisikia. Nikagonga kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu pasi kama imeshika moto. Cherehani haikunyamaza. Kwenye mstari wa "wakazi waliopatikana" nikaandika: Hakuna mtu.

Nilipomaliza kuandika hivyo nilijisikia mwepesi. Hilo ndilo linaloniogopesha. Nyumba ya pili nilisema hodi mara moja. Ya tatu nilisema moyoni. Kufikia ya sita nilikuwa nasimama tu mbele ya mlango, nahesabu hadi tatu, naandika, naondoka.

Nyumba ya tisa ina mlango wa buluu. Pale sikusema hodi kabisa, na kalamu ilikuwa tayari imegusa karatasi. Ndani mtu akasema, sauti ya mwanamke mzee, taratibu, kama aliyekuwa ananiona: "Karibu. Pita ndani, mlango uko wazi."

Nilikimbia. Fomu ile na nyingine zote zilizobaki nilizijaza nikiwa nimekaa kwenye jiwe kando ya mbao, moja baada ya nyingine. Hakuna mtu, hakuna mtu, hakuna mtu. Mkono uliniuma.

Katibu alizipekua kwa kidole gumba. "Nilijua," akasema. "Hao watu hawana habari na maendeleo. Na wewe hongera, kazi ya siku tatu umeimaliza kwa siku moja." Kesho yake daraja likaondolewa. Kura ni tarehe 25 Aprili, kati ya taa na paa la soko.

Tangu siku hiyo mtu akibisha nyumbani na mama akisema karibu, nashtuka mpaka namwaga nilichoshika. Baba anasema nimeanza kuzeeka kabla ya kukua.

Naomba usimwambie mtu. Niambie tu nifanye nini.

Mwanao,
Chiriku

(Baba bado ananiita hivyo, na wageni bado wanacheka wakiona nisivyosema kitu.)


Tarehe 13 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni, na mgeni wa chumba namba nne amekunywa chai ya baridi kwa ajili yako. Alilalamika. Nikamwambia hii ni nyumba ya wageni, si hospitali.

Kwanza, pumua.

Hujaua mtu. Hakuna karani ambaye hajawahi kuandika asichokiona. Nimekaa kwenye meza ile miaka kumi na mmoja, najua ninachosema. Karatasi zinaingia kabatini, kabati linafungwa, panya wanapata chakula. Kama si wewe uliyeliondoa daraja, lingeondolewa na mtu mwingine, kwa sababu nyingine. Daraja hilo limeanza kuzungumzwa kabla hujazaliwa.

Kwa hiyo nyamaza. Ukimwambia Katibu, atakubebesha kila kitu, hata yale ya kabla yako. Namjua, anatabasamu kwanza. Na Ng'ambo usirudi. Mbao zile zinateleza hata kukiwa kukavu.

Hiyo sauti ni woga wako. Mtu mwenye haya husikia hata kuta zikimsema. Lakini nikuulize, si kwa sababu yoyote, nauliza tu. Una hakika ilikuwa nyumba ya tisa? Mlango wa buluu kabisa, au wa kijani uliopauka? Na yale maneno ya kwamba mlango uko wazi, uliyasikia kweli au umeyaongeza ulipokuwa unaandika? Wazee wote husema karibu. Hayo ya mlango si kila mtu anayasema.

Nijibu upesi. Na ule, nasikia umekonda.

Shangazi yako


Tarehe 22 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe, nimerudi Ng'ambo.

Sikupanga. Nilitumwa kupeleka barua upande wa soko, miguu ikapinda yenyewe. Nilisimama mlangoni kwa fundi cherehani nikasema hodi. Mashine ikaendelea. Basi nikasogea hadi nikamzibia mwanga. Akainua uso, ana pini mdomoni.

"We mtoto, umesimama hapo tangu lini?"

"Sasa hivi."

"Unaniibia mwanga. Ingia au toka, mtu wa katikati sina mahali pa kumweka."

Nikaingia. Nikamwambia natoka ofisi ya mtaa. Alizitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kitambaa, ndipo akasema:

"Ofisi? Ndiyo mmekumbuka leo? Si mlisema tarehe mbili?"

Sikuelewa. Kumbe siku moja kabla ya mimi kuvuka, gari la matangazo lilisimama ukingoni mwa mfereji likatangaza kwamba karani atapita kila nyumba, hivyo kila mtu abaki nyumbani. Walibaki, Shangazi. Mbeba mizigo hakwenda stendi. Kinyozi alifunga kibanda chake. Yule dada anayefua nguo za watu aliwaambia matajiri wake anaumwa.

"Mimi nilishona kwa sababu mikono yangu haijui kukaa bure," fundi akasema, "lakini wenzangu walizima hata redio wasije wakakosa kusikia hodi. Ndiyo siku pekee nimemwona mume wangu mchana kweupe tangu tuoane. Nikamwambia, kumbe una mvi!" Akacheka, kisha akaacha. "Jioni tukaambiana, karani amepata dharura. Atakuja kesho. Kesho yake nani alikwenda kazini? Nusu yao walibaki tena."

Nilipopita siku ile palikuwa kimya sana, na kimya kile kilinisaidia kuandika. Nilidhani ni cha nyumba tupu. Kilikuwa cha watu wanaosikiliza.

Sikumwambia kwamba karani ni mimi. Nikamwuliza tu ni nani anakaa kwenye mlango wa buluu.

"Unamtafuta nani pale?"

"Nilisikia kuna bibi."

"Tangu mvua za mwaka jana hakuna mtu pale," akasema. Maneno yangu yale yale.

Alinipeleka hadi mlangoni. Ni wa buluu kabisa, Shangazi, na ni nyumba ya tisa, nimehesabu mara mbili. Una kufuli. Kufuli lina kutu, na kati yake na mbao pana utando wa buibui mzima, haujaguswa. Fundi alipogeuka niliweka sikio kwenye mlango. Baridi tu.

Kati ya fomu zangu arobaini na moja, arobaini ni za uongo. Ya kweli ni hiyo moja tu, na ndiyo nyumba pekee ambayo nilisikia mtu.

Maneno ni yale niliyokuandikia: "Karibu. Pita ndani, mlango uko wazi." Sijaongeza hata moja.

Chiriku


Tarehe 30 Machi

Chiriku,

Acha kazi hiyo. Nimeshamwandikia baba yako kwamba nahitaji msaidizi hapa, chumba kipo, mshahara si haba, na uwe umefika kabla ya tarehe ishirini Aprili. Nauli ameshaipata.

Usiende tena kwa huyo fundi na usiulize habari za huyo bibi. Aliyekufa amekufa. Kumsumbua hakumrudishi.

Njoo, mwanangu. Huku hakuna mfereji.

Shangazi yako


Tarehe 6 Aprili

Shangazi,

Mimi sikukuandikia kwamba bibi amekufa. Niliandika kwamba hakuna mtu.

Nimeisoma barua yako chooni, kitandani na njiani. Baba amefurahi sana na mama ameshaufua ule mfuko wa safari, umening'inia uani kama mtu asiye na kichwa. Wananiuliza nitaondoka lini. Nasema bado nafikiri, na wao wanaona ni haya zangu.

Jumatatu nilikwenda kwa fundi nikamwambia kila kitu. Nilimwambia nikiwa naangalia vipande vya nguo sakafuni. Aliendelea kukata kitambaa, nikadhani hakunisikia, nikarudia.

"Nimekusikia mara ya kwanza," akasema. "Nangoja hasira zishuke, usije ukala makofi."

Hazikushuka upesi. Aliniuliza kama najua mbeba mizigo alikosa nini siku zile mbili. Nikasema sijui. Akanieleza, kitu kwa kitu, na akanilazimisha nirudie kwa sauti. Kisha akanipa kigoda, akanihadithia habari za mlango wa buluu.

Bibi yule alikuwa anakaa peke yake. Miaka miwili alikuwa akivuka mbao kwenda ofisini kuomba nyumba yake iandikwe, kwa sababu nyumba isiyoandikwa haiulizwi kitu. Kila alipofika, karani alimwambia: "Nenda nyumbani, bibi, ukae. Mtu atakuja huko huko." Basi akawa anakaa. Hakufunga mlango tena mchana, asije mtu akadhani hayupo. Kila aliyepita na viatu vinavyolia akamsikia: "Karibu. Pita ndani, mlango uko wazi." Watoto walikuwa wanamwigiza. Muuza maji alikuwa akimjibu, "Si mimi, bibi, mimi ni wa maji tu!"

Mvua za mwaka jana alichoka kungoja. Alivuka asubuhi na karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki. Mfuko uliokotwa kwenye wavu unaozuia taka huko chini ya mfereji. Yeye walimwokota siku ya pili.

Nikamwuliza fundi huyo karani alikuwa nani. Hamjui. Anajua tu alikuwa mwanamke.

Jana Katibu alipokwenda kula nilifungua kabati. Faili la Ng'ambo la mwaka juzi liko chini kabisa. Nyumba arobaini na moja, mistari arobaini na moja. Kwenye kila mstari, Shangazi, pameandikwa: Hakuna mtu. Herufi H ina mguu mmoja mfupi, kama mtu anayechechemea. Nimeilinganisha na barua yako ya tarehe 13 Machi. Ni H ile ile uliyoandikia "Hujaua mtu."

Sikuulizi kwa ubaya. Mimi mwenyewe sina uso wa kumwuliza mtu kwa ubaya. Lakini nataka kujua kitu kimoja. Uligonga?

Chiriku


Tarehe 14 Aprili

Mwanangu,

Sikugonga.

Wewe angalau ulivuka. Mimi mbao zile sikuzikanyaga hata siku moja katika miaka kumi na mmoja. Karani aliyenitangulia aliniachia orodha, amewaandika "hakuna mtu", nami nikanakili. Kila mwaka nilinakili. Nilikuwa na mwandiko mzuri, Katibu akanisifu, nikaona kazi ndiyo hiyo. Sikuwachukia wale watu. Nilikuwa na viatu vizuri tu, na upande ule una matope.

Bibi namkumbuka. Alikuwa anakuja amevaa vizuri kama mtu anayekwenda arusini. Anakaa mwisho wa benchi, hata benchi likiwa tupu. Nilimwambia mtu atakuja, na siku ya kwanza nilikusudia. Mara ya tano nilikuwa nasema bila kuinua uso. Mara ya mwisho aliniambia, bila hasira: "Mwanangu, huwa nawaambia mlango uko wazi. Pengine sisikiki?" Nikamjibu, "Unasikika, bibi. Kaa tu."

Habari zilipofika ofisini nilikuwa napiga mhuri. Niliendelea kupiga. Wiki ile ile niliomba kuacha kazi, nikawaambia nyumbani kwamba mgongo unanisumbua. Mgongo wangu ni mzima, Chiriku.

Umeniuliza kwa upole, basi nitakuambia na hili. Mimi nakaa kwenye nyumba ya wageni ambako watu hugonga kutwa nzima, na siwezi kusema karibu. Nikifungua mdomo kulisema neno hilo, nasikia limeshasemwa tayari nyuma yangu. Kwa hiyo nakwenda kufungua mwenyewe, kimya. Wageni wanasema nina maringo. Ulipoandika kwamba umeisikia sauti yake, kwanza nilitaka uwe mwongo. Kisha nikaona haya, kwa sababu mwongo ni nani?

Kazi ile nilikuombea kwa Katibu kwa sababu nilidhani mtoto mwema kama wewe atagonga. Nilitaka mtu wa damu yangu agonge. Sikufikiri kuhusu haya zako. Nilifikiri kuhusu usingizi wangu.

Uliniomba nisimwambie mtu, sijamwambia. Mimi sikuombi hivyo. Karatasi ya pili humu ndani nimeandika yangu yote na kutia sahihi. Isomwe mbele ya watu, na jina langu litajwe. Yako ni juu yako.

Usije huku. Nilikuwa nakuita unifiche mimi.

Shangazi yako


Tarehe 11 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika siku mbili kabla ya mkutano. Mfuko wa safari mama ameshaukunja, na sasa wanajua kwa nini.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule. Mlangoni aliwekwa mlinzi na orodha. Watu wa Ng'ambo walikuja wote, na wote aliwajibu maneno mawili: "Jina halimo." Basi wakazunguka wakasimama nje ya madirisha. Ukiwa ndani unaona vichwa tu, safu nzima, kimya, wanatazama. Wengine ndani walisogeza viti wasiwape uso. Mjumbe wa halmashauri aliuliza, "Wale ni nani?" Katibu akasema, "Ni wapita njia."

Hapo nikasimama. Sijui nilisimamaje. Miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Nikaanza kusema.

"Sauti, binti!" watu wa nyuma wakapiga kelele.

Nikarudia.

"Hatukusikii! Kula kwanza!" Ukumbi ukacheka. Mwanamke muuza mboga akasema, "Mwacheni, anaongea na mchwa."

Nilitaka kukaa, Shangazi. Kiti kilikuwa pale pale. Lakini nikaona kwamba wameshanisaidia. Nikavuta pumzi, nikasema kwa nguvu zote nilizonazo, ambazo ni kama za mtu wa kawaida anapoomba chumvi:

"Hamkunisikia, na mmekaa hatua kumi kutoka hapa. Kwa sauti hiyo hiyo ndivyo nilivyosema hodi Ng'ambo. Na nyumba nyingi sikusema kabisa. Wao walikuwepo. Mimi ndiye nilikuwa sipo."

Kicheko kikakatika. Katibu alitabasamu kwanza, kama ulivyosema. Akasema binti ana homa, apelekwe nyumbani. Ndipo fundi, kule dirishani, akanyoosha mkono katikati ya nondo. Nikampa karatasi yako. Aliisoma kutokea nje, kwa ile sauti yake ya kushindana na cherehani, na hakuna aliyeikosa. Alipofika pale bibi alipouliza kama hasikiki, mlinzi aliiweka orodha chini akavua kofia.

Mjumbe aliahirisha kura kwa wiki mbili. Fomu za Ng'ambo zijazwe upya, na daraja lirudishwe kati ya mapendekezo. Mimi Katibu alinifukuza pale pale, mbele ya watu. Lakini watu wa Ng'ambo walisema hawataki karani mwingine. Kinyozi akasema, "Huyu tunamjua kosa lake. Mwingine tutaanza kumchunguza upya." Silipwi. Nilikwenda na fundi, yeye akitembea hatua mbili nyuma yangu na akikataa kunisaidia kupaza sauti.

Mlango wa kwanza nilisema hodi mara sita. Kufikia wa saba nilisikika hodi ya kwanza. Mbeba mizigo aliniacha nigonge mpaka nikachoka, kisha akafungua akasema, "Nilikusikia zamani. Nilitaka na wewe uonje." Mke wake akampiga kibao cha mgongo, akanipa kiti.

Nyumba arobaini zimejazwa. Kura ilikuwa juzi, na wao walikaa ndani, kwenye viti. Daraja limepita kwa tofauti ya kura tisa tu, na zile tisa nadhani ni za wanawake wa sokoni ambao wateja wao wanatoka Ng'ambo. Ujenzi utaanza mvua zikikatika. Kwa sasa mbao ni zile zile mbili, na mvua imeanza. Naogopa kila asubuhi.

Yale niliyokuomba uyafiche mwezi wa tatu, sikuombi tena. Kila mtu anajua. Sokoni wananiita Hakuna Mtu. "Hakuna Mtu, njoo ununue nyanya!" Nakwenda, nanunua.

Lakini jambo moja nimeliacha hadi mwisho, na hili halijui mtu, hata fundi.

Siku ile ya fomu, tulipomaliza, yeye alitangulia nyumbani kwake. Nilibaki na fomu moja mkononi. Nikarudi mlango wa buluu. Kufuli lilikuwa pale, na utando wa buibui ulikuwa pale, jua likiupiga. Nikasimama vizuri, nikasema hodi, kwa sauti, mara moja.

Akasema, "Karibu. Pita ndani, mlango uko wazi."

Safari hii sikukimbia. Nikasema, "Nimekaribia, bibi." Nikapiga magoti ili mdomo uwe sawa na tundu la kufuli, nikamsomea fomu yote, swali kwa swali, nikisubiri baada ya kila swali kama tulivyosubiri kwa wengine. Mnaishi wangapi. Mmekaa hapa miaka mingapi. Mngependa nini kifanywe kwanza. Hakusema kitu kingine. Lakini nilisikia mtu anakaa, taratibu, kama anayetua mzigo. Tangu siku hiyo nimepita pale mara nne na viatu vinavyolia, na ndani ni kimya. Si kile cha mwanzo. Nyumbani pia, mtu akibisha, namsikia mama tu.

Fomu hiyo sikuipeleka ofisini. Najua aliyekufa hapigi kura, na sitaki tena uongo kwenye faili lile. Nimeikunja humu pamoja na barua. Ifungue ukiwa peke yako, wageni wakiwa wamelala au wametoka. Nafasi zote za majibu nimeziacha tupu, isipokuwa kwenye mstari ule wa wakazi waliopatikana, ambao wewe na mimi tuliujaza kwa maneno yale yale. Pale nimeandika neno moja: Yupo.

Iweke mahali pasipofikiwa na mtu, na usimwonyeshe yeyote, Shangazi, wala usiniulize tena habari zake hata tukionana. Hiyo ibaki yetu watatu.

Mwanao,
Chiriku